Barakoa Kidevuni: Tuliivaa kwa Ajili ya Nani?

Mwaka 2020, korona ikiwa imepamba moto, watafiti waliwapigia simu watu wa magharibi mwa Kenya na kuwauliza kama huvaa barakoa wanapokuwa mbele za watu. Katika kila 100, takriban 12 tu ndio waliokiri kwamba hawavai. Watafiti haohao walituma watu kwenda kuangalia kwa macho katika maeneo ya hadhara ya upande huohuo wa nchi. Wapita njia zaidi ya 9,000 walitazamwa. Takriban 90 katika kila 100 hawakuwa na barakoa iliyovaliwa sawasawa.

Haraka haraka mtu atasema wananchi ni waongo. Mimi nazisoma takwimu hizo kwa namna nyingine. Aliyepigiwa simu alijua fika jibu linalotakiwa, akalitoa kwa adabu ile ambayo mgeni hujibiwa nayo. Maana yake elimu ilishamfikia: redio ilimwambia, chifu alimwambia, ujumbe wa simu ulimwambia. Utafiti mwingine wa Agosti 2020, uliogusa nchi 18 za Umoja wa Afrika, ulipata watu 85 katika kila 100 waliosema walivaa barakoa ndani ya wiki iliyotangulia, na wakubwa wa afya wakaupokea kwa furaha. Hawakukosea kufurahi, ila walikuwa wamepima ujuzi wakadhani wamepima tabia. Anayetaka kujua tuliionaje barakoa asianzie kwenye majibu yetu. Aanzie kwenye kidevu.

Kati ya 2020 na mapema 2022, barakoa ya Nairobi au Mombasa ilikaa kidevuni muda mrefu kuliko ilivyokaa puani. Ilipandishwa polisi walipoonekana, ikapandishwa tena mlangoni mwa benki na mlangoni mwa supamaketi, ikashushwa mara mlinzi alipogeuka. Ndani ya matatu, konda akiona kizuizi cha barabarani alipaza sauti, na gari zima likafunika nyuso kwa pamoja. Kizuizi kikipitwa, videvu vikavishwa upya. Aliyesahau yake nyumbani aliazima ya mwenzake aliyekwisha hudumiwa, yenye unyevunyevu wa pumzi ya watu wawili watatu, akaingia nayo ofisini kwa amani. Daktari angeshika kichwa. Lakini kwa yule aliyeazima, barakoa ilikuwa imefanya kazi yake yote: ilimpitisha mlangoni.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Katika Afrika Mashariki, kilichoamua nani avae na nani asivae kilikuwa jicho la anayetazama zaidi ya imani ya mvaaji. Anayetazama akiwa polisi, barakoa ikawa kibali. Akiwa rais asiyeipenda, ikawa dalili ya ukaidi. Akiwa jirani au padri wa parokia, ikawa jambo jingine kabisa, nalo ndilo tulilolipa nafasi ndogo.

Wapo wanaotaka kulieleza suala hili kwa utamaduni. Husema Waasia wamezoea, Waafrika hatukuzoea, basi. Maelezo hayo hayasimami. Lamu, Mombasa na Unguja zimeishi na wanawake waliofunika nyuso kwa vizazi, na hakuna muuza duka aliyeshindwa kumhudumia mteja kwa sababu hiyo. Ufaransa, kwa upande wake, ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kupiga marufuku kufunika uso hadharani, na miaka kumi baadaye ikawatoza faini waliokataa kufunika pua na mdomo. Hong Kong nayo haikuzaliwa na barakoa. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS uliua watu 299 katika mji huo, na kumbukumbu ya misimu ile ya mazishi ndiyo iliyowafanya wakazi wake wavae Januari 2020 kabla serikali haijawaambia. Mazoea hayo yana umri wa kijana wa chuo.

Historia ya kifaa chenyewe inaunga mkono jambo hilohilo. Mwishoni mwa 1910 tauni ya mapafu iliingia Manchuria, na serikali ya China ikamtuma Harbin daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge. Aligundua kwamba ugonjwa ule ulipita kwa pumzi, akaagiza wahudumu wafunge pua na mdomo kwa pamba iliyozungushiwa shashi. Daktari Mfaransa Gérald Mesny, mwenye umri na cheo kumzidi, hakuona sababu ya kufundishwa na kijana wa Kichina. Aliingia wodini bila kitambaa, na ndani ya siku chache akafa kwa tauni. Baada ya kifo chake, vitambaa vilienea Harbin nzima. Mesny alikuwa msomi wa tiba, na ushahidi aliwekewa mezani. Alichokipinga kilikuwa mtu aliyeuleta.

Turudi kwetu. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Tanzania tarehe 16 Machi. Mpaka hapo nchi hizi mbili zilikuwa sawa, na wakati huo Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likisema mtu mzima wa afya hana haja ya barakoa. Shirika lilibadilisha msimamo tarehe 5 Juni 2020. Kenya haikungoja. Mapema Aprili, chini ya waziri wa afya Mutahi Kagwe, barakoa ikawa lazima hadharani na ndani ya magari ya abiria. Anayekiuka kanuni angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili.

Nasita kidogo hapa kwenye kugeuka kwa wataalamu, maana kulituumiza kuliko inavyokubaliwa. Mwezi Februari mkuu wa afya ya umma wa Marekani aliwataka watu waache kununua barakoa. Aprili taasisi za nchi yake zikawataka wazivae. Sababu ya kweli ya katazo la mwanzo ilikuwa uhaba: zilizopo hazikuwatosha hata wauguzi. Baadaye ikajulikana pia kwamba mtu huweza kuambukiza wenzake kabla hajaanza kukohoa. Wangesema waziwazi “hazitoshi, waachieni wauguzi kwanza,” watu wangeelewa, kwa sababu sisi uhaba tunaujua. Badala yake walisema hazina faida kwa mtu wa kawaida. Aliyeyasikia maneno yote mawili katika msimu mmoja alikuwa na haki ya kuuliza lipi ni la kweli, na walioishi kwa kuuza shaka walikuwa tayari kumjibu.

Kenya ilianza vizuri. Kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kiliacha kushona sare kikageukia barakoa. Rivatex ya Eldoret ikafanya vivyo hivyo. Mafundi cherehani wa mitaani walishona za vitenge, na bei iliyokuwa juu mwanzoni ikashuka mpaka za kutupa zikachuuzwa barabarani kwa shilingi chache. Hata hivyo shilingi chache kwa siku, mara watu sita wa nyumba moja, ni unga wa jioni. Serikali ilimtaka mchuuzi wa Kibera anunue kila siku kitu cha kumkinga jirani yake, na asiponunua akamatwe. Uganda, kwa upande wake, iliahidi kumpa barakoa ya bure kila mtu aliyevuka umri wa miaka sita. Ugawaji wake ulisuasua, lakini walau wazo lilikuwa sahihi: kinachovaliwa kwa faida ya wote kilipiwe na wote.

Halafu likaja suala la polisi. Tarehe 25 Juni 2020, katika mji mdogo wa Lessos, kaunti ya Nandi, ugomvi kati ya polisi na dereva wa bodaboda aliyedaiwa kutovaa barakoa uliishia kwa risasi, na watu watatu wakafa. Rwanda ilichagua njia nyingine: waliokiuka masharti walikusanywa viwanjani kwa maelfu wakasomeshwa usiku. Ukali wa aina hiyo huleta utii, nao utii unaonekana kwenye picha. Lakini utii wa kumwogopa askari huisha askari akigeuza mgongo, na virusi havifanyi kazi wakati wa doria tu. Huambukiza sebuleni, kilabuni, matangani, mahali ambapo polisi hayupo na barakoa ilishavuliwa kwa heshima ya wenyeji.

Wakati huohuo wenye nchi walionyesha mfano wao. Nchini Kenya, tarehe 26 Oktoba 2020 ripoti ya BBI, mpango wa kubadilisha katiba, ilizinduliwa katika ukumbi wa Bomas mbele ya halaiki, na wanasiasa wa kambi zote walikuwa wakizunguka nchi wakihutubia umati uliobanana. Tarehe 4 Novemba Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha mikutano ya kisiasa na kusisitiza kwamba asiye na barakoa asihudumiwe. Ilikuwa kuchelewa. Tena, tangu Agosti, Wakenya walikuwa wakisikia habari za KEMSA, mamlaka ya ununuzi wa vifaa vya tiba, na mabilioni yaliyotumika kwa zabuni za korona ambazo Mkaguzi Mkuu alikuja kuthibitisha kwamba zilikiuka taratibu. Barakoa zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyonunuliwa kwa bei ya kutisha na kubaki ghalani. Mwananchi aliyepigwa faini kwa kukosa kitambaa cha shilingi kumi alijua kuna mtu aliyejenga nyumba kwa kitambaa hichohicho. Sioni kampeni ya redio ambayo ingelitibu hilo.

Upande wa Tanzania ulikwenda kinyume. Aprili 2020 barakoa za vitenge zilikuwa zimejaa Dar es Salaam, ndoo za maji na sabuni mlangoni mwa kila duka, na hakuna aliyelazimishwa kwa bunduki. Tarehe 29 Aprili zikatolewa takwimu za mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya kwa zaidi ya mwaka. Mwanzoni mwa Mei, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisimulia jinsi sampuli za papai na mbuzi zilivyokutwa na korona katika maabara. Juni akatangaza kwamba maombi yameiondoa nchini. Nyungu za kujifukiza zikachemshwa, mikutano ya kampeni ya Oktoba ikafurika.

Hakuna sheria iliyokataza barakoa. Haikuhitajika. Mtumishi wa umma aliyeingia kikaoni akiwa amefunika pua alijikuta ametoa kauli ya kisiasa bila kufungua mdomo. Mwenye duka alipunguza ndoo zake, kisha akaziondoa. Watu walewale waliovaa kwa hiari Aprili waliacha kabla ya mwaka kuisha, na sijui ni utafiti gani wa mitazamo ungeweza kukamata mgeuko huo, maana ndani ya vichwa vyao hofu ya ugonjwa haikuwa imekwisha. Ilikuwa imepata mwenzake.

Ukweli huo ulionekana Februari 2021. Tarehe 17 mwezi huo Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki baada ya chama chake kutangaza wazi kwamba alikuwa na korona. Siku hiyohiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, John Kijazi. Siku chache baadaye Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alijitokeza mbele ya waandishi hospitalini Dodoma kukanusha uvumi wa kifo chake, akikohoa na kuhema, bila barakoa, na wasaidizi pembeni yake. Baraza la Maaskofu Katoliki lilikwisha waonya waumini tangu Januari, na makanisa yalirudisha maji tiririka na vitambaa usoni. Barakoa zikaanza kuonekana tena katika masoko ya Kariakoo na Darajani. Tarehe 21 Februari Rais Magufuli mwenyewe alisema hajazikataza, ila watu waziogope zinazotoka nje na watumie zilizoshonwa nchini. Kwa waliokuwa wakingoja ruhusa, hiyo ilitosha.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi. Rais Samia Suluhu Hassan alivaa barakoa katika ziara zake za Uganda na Kenya, na mwezi Mei akazungumza na wazee wa Dar es Salaam akiwa ameivaa, ukumbi ukafuata. Mtu anaweza kupima nguvu ya picha moja ya Ikulu kwa kulinganisha mabaraza ya Januari na ya Juni mwaka ule. Kwenye daladala, hata hivyo, mabadiliko yalikuwa madogo. Abiria wa Mbagala haalikwi Ikulu.

Sasa fikiria Namanga, au Sirari na Isebania, au Horohoro na Lunga Lunga. Wamaasai, Wakurya na Wadigo wako pande zote mbili za mipaka hiyo. Wana lugha moja, wanaoana, hata uchuuzi wao ni mmoja. Mwaka 2020 dereva wa lori alivaa barakoa akiingia Kenya na kuivua akirudi, ndani ya saa ileile, akiwa na kichwa kilekile na elimu ileile. Anayesema mtazamo hukaa moyoni mwa mtu anieleze moyo wa dereva huyo ulibadilika kwenye kizuizi kipi.

Wako watakaosema: basi Tanzania ilithibitisha kwamba barakoa hazikuhitajika. Ubishi huo hauna pa kushika. Nchi isiyohesabu wagonjwa wake kwa zaidi ya mwaka haiwezi kuwa ushahidi wa upande wowote, na anayeilinganisha na Kenya analinganisha namba na ukurasa mtupu.

Ushahidi bora uko mbali na hapa, vijijini Bangladesh. Kuanzia Novemba 2020 hadi Aprili 2021 watafiti walifanya jaribio katika vijiji 600 lililohusisha watu wazima wapatao 340,000. Nusu ya vijiji vilipewa barakoa za bure nyumba kwa nyumba, maelezo mafupi, imamu na viongozi wa kijiji waliovaa wao kwanza, na vijana wa kusimama sokoni na misikitini kumkumbusha kwa upole kila aliyepita uso wazi, na kumpa nyingine kama hana. Uvaaji ulipanda kutoka watu 13 katika kila 100 hadi 42. Wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa kipimo cha damu walipungua kwa asilimia 9 hivi katika vijiji hivyo. Palipogawiwa barakoa za hospitali, waliovuka miaka 60 walipungua kwa asilimia 35.

Kupungua huko si muujiza, nami siwezi kuuza barakoa kama kinga kamili. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mapema 2023 yalisema majaribio yaliyopo hayatoshi kutoa hukumu, na watu wengi wakayasoma kama hukumu kwamba hazifai kitu, mpaka mhariri mkuu wa taasisi hiyo akalazimika kusema kwamba tafsiri hiyo si sahihi. Kwa upande wetu lililo muhimu zaidi ni orodha ya mambo ambayo Bangladesh hayakuongeza chochote. Ujumbe wa simu haukuongeza uvaaji. Zawadi ya fedha kwa kijiji haikuongeza. Ahadi za kuvaa, za mdomo au za kubandika mlangoni, hazikuongeza. Kilichofanya kazi ni mtu wa karibu, anayejulikana, aliyekutazama usoni na kukuomba. Yaani jicho tena, lakini jicho lisilo na pingu wala bahasha.

Malalamiko ya watu wenyewe nayo yanastahili kusikilizwa kuliko yalivyosikilizwa. Mama lishe aliyeinamia jiko la mkaa adhuhuri ya Mombasa hakuwa mjinga kuishusha. Konda anaishi kwa sauti yake. Kiziwi anayesoma midomo alifungiwa nje ya mazungumzo na kila aliyetii sheria, na masharti hayakumkumbuka. Waliovaa vizuri na kwa muda mrefu walikuwa wenye ofisi zenye kiyoyozi na uwezo wa kufanya kazi nyumbani, ambao kwa kweli ndio walioihitaji kidogo. Sheria moja kwa wote, nje na ndani ya nyumba, juani na kwenye lifti, iliwafanya watu wasitofautishe panapohatarisha na pasipohatarisha. Kumkamata mtu aliyetembea peke yake shambani kulifundisha kwamba sharti lote ni usumbufu.

Tarehe 11 Machi 2022 Kagwe alitangaza kwamba barakoa si lazima tena katika maeneo ya wazi ya Kenya, na akashauri ziendelee kuvaliwa kwenye mikusanyiko ya ndani. Ushauri huo wa pili hakuna aliyeusikia. Videvu vikawa wazi nchi nzima, na lilipotolewa agizo jipya la ndani ya majengo mwezi Juni, lilipita kama tangazo la hali ya hewa. Miaka miwili ya faini haikuacha hata kimoja cha kujivunia: hakuna desturi ya mwenye mafua kujifunika ndani ya basi, wala mgonjwa kujifunika anapokwenda kumwona mtoto mchanga.

Tangu hapo Kenya imeajiri wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 na kupewa mikoba ya vifaa. Tanzania nayo ilianzisha mpango wa aina hiyo mapema 2024. Hawa ndio watu wanaobisha hodi na kujibiwa kwa jina. Wizara za pande zote mbili ziamue sasa, kabla ya wimbi jingine, kwamba barakoa zitakazovaliwa zitapitia mikononi mwao, bure, na kwamba waziri na mkuu wa wilaya watazivaa kwanza. Polisi wabaki na kazi zao nyingine.